Yaliyopita Ni Ndwele

Ni chache methali zilizoandikiwa insha nyingi katika shule zetu kuliko hii: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Niliiandikia nilipokuwa mwanafunzi, nikapewa alama nzuri. Nimeifundisha nilipokuwa mwalimu, nikawapa wengine alama nzuri. Ni methali tamu na fupi, tena ina busara mahali pake. Watu wawili wakigombana juu ya mbuzi aliyekula mihogo, na mzee akawaambia kwamba yaliyopita si ndwele, mzee huyo amesema vema, na huenda jua lisichwe kabla hawajapeana mikono. Lakini methali ni kama dawa. Imfaayo mwenye homa yaweza kumdhuru mwenye jeraha. Leo nataka kuipinga methali hii mahali pamoja tu, napo ni pale ambapo majirani wamewaua majirani zao kwa wingi, kisha waliosalia wakatakiwa kuishi pamoja. Mahali hapo nasema bila kusita kwamba yaliyopita ni ndwele, na asiyeiganga hatakuwa na yajayo ya kuganga.

Sikuyapata maneno haya vitabuni peke yake. Mwaka 2008 nilikuwa katika kidato cha tatu, katika shule ya kutwa ya Bonde la Ufa. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye, moto ukawaka. Hata mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kuuawa, na mamia ya maelfu walikuwa wamefukuzwa makwao. Shule yetu ilipofunguliwa, dawati langu lilikuwa na nafasi moja tupu. Mwenzangu niliyeketi naye hakuwapo. Alirudi muhula wa pili, amekonda, amevaa sare ya kuazima. Nyumba yao ilikuwa imechomwa na ghala lao limevunjwa. Mwalimu alimtazama, akatutazama sote, akasema, "Fungueni vitabu." Tukafungua. Mwenzangu na mimi tulisoma kitabu kimoja cha hesabu mpaka tulipomaliza kidato cha nne, na katika muda huo wote hatukusemezana hata neno moja juu ya Januari.

Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza. Katika siku zile za moto mjomba wangu alifika kwetu usiku na magunia matatu ya mahindi. Mjomba hakuwa na shamba. Mama hakumwuliza mahindi yalikotoka, wala mimi sikuuliza. Tuliyala.

Sasa namwuliza mwenye methali: magunia yale matatu ni ndwele au si ndwele? Kama si ndwele, mbona kila nilipofungua kitabu kile mkono wangu ulisita karibu na mkono wa mwenzangu? Na kama ni ndwele, ni nani aliyekuwa mganga wake? Polisi hawakunitafuta, kwa kuwa sikuiba. Mahakama haikuniita, kwa kuwa sikushtakiwa. Daktari hakuniona, kwa kuwa sikuwa na homa. Hapakuwa na mahali popote katika nchi hii ambapo kijana wa miaka kumi na saba angeweza kuketi mbele ya mwenziwe na kusema, "Nadhani tulikula mahindi yenu." Hoja yangu yote imo katika upungufu huo. Mahali pa namna hiyo pasipokuwapo, yatupasa tupafanye.

Tuitazame nchi jirani iliyopatwa na maafa makubwa kuliko yetu. Tangu tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku zipatazo 100, Watutsi wa Rwanda waliuawa kwa mpango uliotengenezwa, na pamoja nao waliuawa Wahutu waliopinga mauaji hayo. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni zaidi ya watu 800,000. Serikali ya Rwanda yasema walizidi 1,000,000. Hesabu hiyo yatisha, lakini namna ya mauaji yatisha zaidi. Wengi waliuawa na watu waliojua majina yao, waliochota nao maji kisima kimoja na kuimba nao katika kwaya moja. Walikimbilia makanisani, kama kanisa la Nyamata, wakauawa humo humo. Jeraha la namna hiyo hupita nyama na mifupa. Huvunja ile imani ndogo isiyosemwa, ambayo bila hiyo hapana kijiji: kwamba nikiugua usiku nitapiga kelele, na jirani atakuja. Wanyarwanda walipata jina la ugonjwa ulioshika watu baadaye. Waliuita ihahamuka, neno lihusulo mtu kukosa pumzi kwa hofu, kana kwamba mapafu yake yamemkimbia.

Dunia iliujibu msiba huo kwa mahakama. Mahakama ya kimataifa ilikaa Arusha mpaka mwisho wa mwaka 2015, na watu 93 walishtakiwa mbele yake. Rwanda yenyewe, ambayo magereza yake yalikuwa yamejaa watu zaidi ya 100,000, ilifufua baraza la kale liitwalo Gacaca. Tangu majaribio ya mwaka 2002 hata yalipofungwa mwaka 2012, mabaraza hayo yaliamua kesi zikaribiazo milioni mbili. Sidharau kazi hiyo, wala kijana yeyote asiidharau. Haki ni deni, na deni hulipwa. Lakini mahakama huuliza maswali matatu: Ni nani aliyetenda? Alitenda nini? Astahili adhabu gani? Yakisha kujibiwa, jalada hufungwa. Mjane hurudi kwenye kilima kile kile. Aliyefungwa, akimaliza kifungo chake, naye hurudi kwenye kilima kile kile. Njia ya kwenda sokoni ni moja, na siku watakapokutana njiani hapatakuwa na hakimu kati yao.

Pengo hilo ndilo walilojaribu kuliziba watu wa Byumba, kaskazini mwa Rwanda. Mwaka 2005 dayosisi ya Kanisa la Anglikana ya hapo, ikisaidiana na mtaalamu kutoka Uholanzi, ilianzisha vikundi vya kuponyana. Mwaka 2008 kazi ikaanzishwa Nyamata pia, na ikaja kujulikana kwa jina la Mvura Nkuvure. Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu wa mbali, lakini maana yaeleweka upesi: Niponye, nikuponye. Watu kumi hadi kumi na watano wa ujirani mmoja huketi kwa duara mara moja kila juma, kwa muda wa saa tatu hivi, kwa majuma 15. Huongozwa na wawili wa hapo hapo waliofunzwa kazi hiyo. Si madaktari, wala hawavai makoti meupe. Katika duara huwamo walionusurika, wajane, waliotoka gerezani, jamaa za wafungwa, waliorudi kutoka ukimbizini, na vijana ambao hawakuyaona mauaji lakini wamerithi ukimya wa nyumbani.

Kazi yao hupitia hatua sita. Ya kwanza ni usalama. Ya pili, kuaminiana. Ya tatu, kujaliana. Ya nne, heshima. Ya tano, kanuni mpya za maisha. Na ya sita, kumbukumbu. Msomaji, tazama vema kumbukumbu imewekwa wapi. Imewekwa mwisho. Wapingao vikundi hivi hudhani kwamba watu hukusanywa siku ya kwanza na kuamriwa kufukua makaburi. Sivyo. Siku za kwanza watu hushughulika na mambo madogo. Tuketi namna gani ili kila mtu aone uso wa mwenziwe? Anenaye asikatizwe? Yasemwayo hapa yatoke nje au yasitoke? Kanuni hizo huzitunga wenyewe. Hucheza hata michezo, watu wazima kwa wazee. Mtu anaweza kuanza na paa lake linalovuja, au mtoto asiyemtii, na wenzake wakamsikiliza na kumshauri. Majuma yapitapo, naye akaona kwamba neno lake la paa halikufika sokoni, hapo ndipo aanzapo kufikiri kwamba huenda na lile neno jingine, alilolificha tangu mwaka 1994, laweza kuwekwa mikononi mwa watu hawa bila kuanguka.

Hii ndiyo hekima ambayo methali yetu haikuiona. Imetuwekea njia mbili tu, kusahau au kufukua, nasi tukachagua kusahau kwa kuwa kufukua kwatisha. Byumba walionyesha njia ya tatu: kujenga kwanza mahali pa kuketi, ndipo kusema. Hata methali yenyewe, ukiisikiliza vizuri, hutumia neno la mganga. Tugange yajayo! Ni mganga gani aanzaye kutibu bila kuuliza ugonjwa ulianza lini? Wazee wale wale waliotupa methali hii walitupa na nyingine isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa nini tunaikariri ile na kuiacha hii?

Tena nataka kijana afikiri juu ya jina lile, Niponye, nikuponye. Katika jina hilo hapana mgonjwa ambaye ni mgonjwa tu. Mjane aliyepewa kwa miaka mingi blanketi, unga na nasaha, daima akipokea, daima akishukuru, leo ameulizwa na mwenziwe, "Wewe waonaje?" Ameombwa kutoa. Jibu lake limengojewa. Mauaji ya halaiki huanza kwa kuwaambia watu fulani kwamba wao si watu. Katika Rwanda waliitwa mende. Tusi hilo haliondolewi kwa hotuba ya kiongozi katika uwanja wa michezo, hata ikiwa hotuba nzuri. Huondolewa kidogo kidogo, na watu wa mtaa mmoja, kila mmoja akinyamaza ili mwenziwe amalize sentensi yake. Utu huvunjwa na watu, na hurudishwa na watu.

Je, yafaa? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha watu 100 waliopitia vikundi hivyo na 100 wasiopitia. Afya ya akili ya wale wa kwanza iliongezeka kuliko ya wenzao, na miezi minane baada ya vikundi kwisha manufaa hayo yalikuwa bado yanaonekana. Sisemi kwamba majuma 15 yalifuta mwaka 1994. Hapana kinachoufuta. Nasema kwamba watu walipata nafuu, na nafuu si jambo la kubezwa na mtu asiyeumwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana wapo, tena wengine ni watu wema.

Wa kwanza husema, "Maneno hayajazi tumbo. Wapeni watu fedha." Nakubali kwamba mwenye njaa apewe chakula kabla ya kuulizwa habari za moyo wake. Lakini tulikwisha kutoa fedha, nasi tuone zilifanya nini. Mei 2008 serikali yetu ilianza mpango ulioitwa Rudi Nyumbani. Jamaa iliyofukuzwa ilitengewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 za kujenga nyumba iliyoharibiwa. Kwa fedha hizo mtu aliweza kununua mabati. Hakuweza kununua jirani. Wako waliokataa kurudi kwenye mashamba yao wenyewe, wakayauza au wakayaacha, kwa sababu kinyume cha ua palikaa mtu ambaye hawakujua alikuwa wapi usiku ule. Nyumba ilikuwapo, nyumbani hapakuwapo.

Wa pili husema, "Haya ni mambo ya kigeni." Ni kweli kwamba mzizi mmoja wa kazi hii uko Uingereza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, katika hospitali ya kijeshi ya Northfield, Birmingham, askari waliovunjika moyo kwa vita walitibiwa kwa makundi, wakapewa sehemu katika kuendesha maisha ya hospitali yao wenyewe. Lakini ni nani kati yetu atakayesema kwamba kuketi kwa duara, kuwekeana zamu ya kusema, na kutatua neno mpaka liishe, ni desturi aliyoletewa na meli? Mahindi nayo yalitoka ng'ambo, na hapana Mkenya ayakataaye kwa sababu hiyo. Tena mapanga yaliyotumika mwaka 2008 yalishikwa na mikono ya hapa hapa. Ikiwa ugonjwa ni wetu, tusiwe wachaguzi mno wa asili ya dawa.

Wa tatu husema, "Mwanamume halii mbele ya watu." Huyu nitamjibu kwa maneno machache. Mwanamume aliyemeza machozi yake huyatoa kwa njia nyingine, kwa pombe au kwa fimbo, nao wanaoyapangusa ni mkewe na watoto wake.

Wa nne ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Yeye husema, "Mwataka kumketisha aliyeumizwa kando ya aliyemwumiza, ili amsamehe, na mhalifu aende zake bila adhabu." Hofu hii ina haki. Wako wahubiri na wanasiasa waliowashurutisha watu kukumbatiana mbele ya wapiga picha, na kesho yake wakawasahau. Lakini hesabu tena hatua sita nilizozitaja: msamaha haumo. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Anao uhuru wa kuutoa, kuuchelewesha, au kuzikwa nao, na anayemlazimisha kuutoa anamwibia mara ya pili. Wala duara halichukui nafasi ya kizimba. Kama mjomba wangu alivunja ghala la watu, alistahili kusimama mbele ya hakimu, na duara lolote lisingaliweza kumwokoa na hilo. Mahali ambapo muuaji bado ana silaha na bado anatisha, nasema wazi kwamba watu wasiketishwe kabisa. Usalama ni hatua ya kwanza, na mahali usipokuwapo, zile tano hazina pa kusimama. Na yule ambaye ugonjwa wake wa akili umekuwa mzito apelekwe hospitali. Mimi nalitetea duara kwa kazi yake yenyewe, ambayo mahakama, benki, mimbari na hospitali haziwezi kuifanya.

Sisemi kwamba hapa Kenya hapana aliyejaribu. Baada ya mwaka 2008 Kanisa la Marafiki, lenye waumini wengi magharibi mwa nchi yetu, lilileta mafunzo ya namna hii yaliyokuwa yameanza Rwanda na Burundi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 za wananchi, na Mei 2013 ikamkabidhi Rais ripoti yake. Nawauliza ninyi mnaosoma ukurasa huu: mmewahi kuiona ripoti hiyo katika maktaba ya shule yenu? Watu zaidi ya 40,000 walifungua vinywa vyao, na sauti iliyosikika zaidi katika miaka iliyofuata ilikuwa ile iliyosema, "Kubali, usonge mbele." Ni methali ile ile, imevaa suruali mpya. Na msemaji wake, mkimchunguza, aghalabu si yule aliyechomewa nyumba.

Enyi vijana, ninyi hamkumbuki mwaka 2008. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Lakini mmerithi. Mnajua ni duka gani baba hapiti kununua, na ni jina gani likitajwa mezani mama huinuka kwenda kuangalia sufuria. Msidhani kwamba ukimya huo ni amani. Siwaambii mwende leo mkawahoji wazee wenu. Hilo lingekuwa kuanza na hatua ya sita. Nawaambia mwanze na ya kwanza. Katika bweni lenu, darasani mwenu, katika chama chenu cha mdahalo, jifunzeni kuketi na mtu wa kabila jingine na kumsikiliza mpaka amalize, juu ya jambo dogo, na jambo hilo lisitoke nje. Mtakapokuwa waalimu, machifu, wauguzi na wabunge, mtakuwa mnajua mahali pa kuketi hujengwa namna gani, nanyi mtavidai vikundi hivi katika kila kata kama mnavyodai maji na barabara.

Na mimi mwalimu wenu je? Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kwa nini babu yake alihama kijiji chetu. Mbele ya darasa zima nilimwambia, "Fungua kitabu." Niliisikia sauti yangu, nikaitambua ilikotoka, na aibu ya siku ile ndiyo iliyoniandikisha insha hii.

Mjomba wangu amekwisha kufariki. Mwenzangu wa dawati yu hai; nasikia ana duka mjini. Mtaniuliza kwa nini nisimwendee. Nakiri kwamba ni woga. Lakini pia naona kwamba kumwendea peke yangu dukani kwake, mbele ya wateja wake, na kumtwika magunia matatu ili mimi nipate kulala, ni kumdai tena mtu aliyekwisha kunyang'anywa. Yeye astahili mahali ambapo anaweza kunisikiliza, au kukataa kunisikiliza, na bado akalindwa na wenzake. Duara la namna hiyo likiketi kijijini kwetu, nitakwenda. Nitaanza na paa langu linalovuja.